Nani atapasua mbao hizo? Kupanga mirathi ya familia Njombe na Makambako

Mkulima wa Njombe anayepanda misindano akiwa na umri wa miaka 60 anajua fika kwamba huenda asiwepo siku ya kupasua mbao. Anapanda hivyo hivyo. Analipa vibarua wa kuchimba mashimo, anafyeka barabara ya moto kila kiangazi, na ukimuuliza anahangaika kwa ajili ya nani, atakujibu bila kusita kwamba ni watoto. Mwambie mtu huyohuyo aandike wosia, utaona uso unabadilika. Atakuambia unamletea uchuro. Nusu ya kazi ya mirathi ameshaifanya kwa jembe. Nusu iliyobaki ni ya kalamu, na hiyo ndiyo anayoikimbia.

Mwenzake wa Makambako naye hana nafuu. Ana fremu mbili karibu na stendi, nyumba aliyoijenga kidogo kidogo bila hati, Fuso la mkopo wa benki, na ekari kadhaa za viazi mviringo huko Kitandililo alizonunua kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji. Hajioni tajiri, kwa hiyo hajioni mtu wa kwenda kwa wakili. Hapo ndipo hesabu inapomponyoka. Familia tajiri yenye hati safi nayo hugombana, ila ina uwezo wa kusubiri hukumu. Familia ya kawaida haina. Kesi ikivuta miaka mitatu, kodi ya fremu inakusanywa na aliyewahi, Fuso linarudi benki, na shamba linalimwa na mwenye mabavu kuliko wenzake.

Daftari kwanza

Usianze na wosia. Anza na daftari la kawaida la shule, wewe na mwenzi wako mkiwa mmekaa pamoja. Kwa kila mali andika ni nini, iko wapi, imeandikwa jina la nani, na karatasi yake imehifadhiwa wapi. "Shamba la Mtwango" halitoshi, kwa sababu ukishaondoka watu watano watakuonyesha mashamba matano ya Mtwango. Andika ukubwa, majirani wa pande zote nne, na ulivyolipata: ulinunua, uligawiwa na kijiji, au uliachiwa na baba yako. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, maana ardhi ya ukoo na ardhi uliyoinunua kwa jasho lako hazitazamwi kwa jicho moja kwenye kanuni za mila, kama tutakavyoona.

Ukimaliza mali, geukia majina. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo kwenye cheti cha ndoa, jina la shule kwenye akaunti ya benki, jina la ukoo kwenye karatasi ya shamba, na kitambulisho cha NIDA chenye herufi moja tofauti na vyote. Akiwa hai hakuna anayejali, kila mtu anamfahamu. Akifa, karani wa benki anataka kujua hao watu wanne ni nani. Ukiwa hai unakwenda kwa wakili, unaapa kiapo cha majina, na mambo yanaisha mchana mmoja. Ukishakufa, kazi hiyo inamwangukia mjane, naye hawezi kuapa kwa niaba yako kirahisi.

Halafu madeni. Andika unayodaiwa na unayodai, pamoja na yale magunia ya viazi uliyompa dalali kwa mali kauli. Katika mirathi yoyote gharama za mazishi na madeni hutangulia, warithi hupata kinachobaki. Kama una mkopo, nenda benki uulize swali moja tu: je, mkopo huu una bima inayoufuta nikifa? Wengi wanakatwa bima hiyo na hawajui, na familia zao huendelea kulipa deni ambalo kampuni ya bima ilipaswa kulibeba.

Usiandike namba za siri humo. Na usimwachie mtu namba yako ya siri ya M-Pesa ukidhani umemrithisha. Anayetoa fedha kwenye simu ya marehemu usiku wa msiba, hata kama ni za kununulia jeneza, anajitafutia maneno ya miaka kumi. Afadhali familia ikope sanduku na kutunza risiti, gharama zirudishwe baadaye kwa utaratibu.

Ni sheria ipi itakayokugawia

Hili ndilo swali la kwanza la kumpelekea wakili, na ndilo ambalo karibu hakuna anayeliuliza. Watu hudhani Tanzania Bara ina sheria moja ya mirathi. Zipo njia tatu: mila, sheria ya Kiislamu, na ile inayoitwa ya kiserikali, ambayo mgawo wake umetoka kwenye Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Mwingereza aliileta, akaondoka, ikabaki. India wenyewe waliiacha kitambo.

Chukua mfano wa baba anayefariki bila wosia akiacha mke mmoja, wana wawili na binti mmoja, wazazi wake wakiwa wametangulia. Kwa sheria ya kiserikali, mjane anapata theluthi moja ya mali, na theluthi mbili zinagawanywa sawa kwa watoto watatu, wa kike kwa wa kiume. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane anapata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, na kinachobaki kinagawanywa kwa watoto, kila mwana akipata mara mbili ya binti. Kwa mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, jinsi zilivyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, mwana wa kwanza yuko daraja la kwanza, wana wengine daraja la pili, mabinti daraja la tatu. Mjane? Kanuni ya 27 inasema hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ardhi ya ukoo binti anaweza kuitumia, lakini kwa kanuni hizo hawezi kuiuza.

Soma tena hiyo aya ukimfikiria mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri ya Julai, baridi ya Njombe ikiuma mifupa, kwenda kupalilia viazi kwenye shamba lililoandikwa jina la mumewe.

Kanuni hizo zimepigwa sana. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephraim na Holaria Pastory, iliamua kwamba mwanamke wa Bukoba aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia ana haki ya kuiuza kama mwanamume, na mpwa wake hakuwa na uwezo wa kuuzuia uuzaji huo. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi ni batili. Lakini mwaka 2006, wajane wawili walipoomba Mahakama Kuu izifute kanuni za 1963, mahakama ilikiri kwamba ni za kibaguzi na ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imevunja haki zao. Kwa hiyo mjane aliyenyimwa ana hoja nzito za kusimamia. Tatizo ni kwamba hoja ni kitu unachokwenda kupigania, kwa nauli na kwa miaka.

Sasa, mahakama itajuaje kama wewe ni mtu wa mila au wa sheria ya kiserikali? Itatazama ulivyoishi na ulichokusudia. Katika mirathi ya marehemu Innocent Mbilinyi, mwaka 1969, Mahakama Kuu ilimtazama Mngoni aliyeoa Mchaga na kuishi zaidi Dar es Salaam, ikaona alishaachana na maisha ya kimila, na sheria ya kiserikali ikatumika. Wengi wa Njombe hujifariji kwamba wao ni wa kanisa, KKKT au Katoliki, hivyo mila haziwahusu. Ubatizo peke yake hautoshi. Mtu aliyebatizwa, akafunga ndoa kanisani, lakini akaishi kijijini kwa taratibu za ukoo, akagawa ardhi kwa vikao vya wazee, anaweza kabisa kuhesabiwa ni mtu wa mila. Usipochagua, utachaguliwa, na watakaotoa ushahidi wa namna ulivyoishi ni haohao wanaogombea mali yako.

Wosia ni mahali pa kusema wazi: mirathi yangu ifuate sheria fulani. Sentensi moja. Inasaidia hata kujua mlango wa kubisha, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya mila na ya Kiislamu, na ile ya kiserikali huelekea mahakama za juu yake kulingana na thamani ya mali. Familia nyingi zimefungua shauri kwenye mahakama isiyohusika, zikapewa msimamizi, zikagawana, kisha ndugu mmoja akakata rufaa na kila kitu kikarudi mwanzo.

Kwa Mwislamu kuna mpaka wa kuukumbuka: wosia hauvuki theluthi ya mali, na hauwi kwa mrithi mwenye fungu lake isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Anayetaka kumwongezea mke au binti ampe akiwa hai, na ampe kwelikweli, kwa maandishi na kwa kumkabidhi.

Jina la mke kwenye karatasi

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanya hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mali iliyonunuliwa katika ndoa kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mjane ambaye jina lake halipo anaanza safari akiwa amebeba mzigo wa kuthibitisha. Aliye na jina lake kwenye hati hana cha kuthibitisha. Sehemu yake haikuwa mali ya marehemu hata siku moja, na haiingii kwenye mgawo.

Kijijini, hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji na inaweza kubeba majina yote mawili. Mjini, kwenye viwanja vilivyopimwa vya Njombe na Makambako, muulize wakili mwandikwe vipi, maana kuna namna mbili. Katika umiliki mmoja, mwenzi akifa sehemu yake inahamia kwa aliyebaki moja kwa moja. Katika mwingine kila mmoja ana hisa yake, na hisa ya marehemu inakwenda kwa warithi wake. Kwa wanandoa wa ndoa moja wenye watoto wao tu, mimi ningechukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Kwa baba mwenye watoto wa mama wengine, ya pili ina haki zaidi kwa watoto hao, nayo inapunguza kelele.

Kama mnaishi pamoja bila cheti, sheria inasema mwanamume na mwanamke waliokaa miaka miwili au zaidi wakijulikana kama mume na mke huchukuliwa kuwa wanandoa. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na shemeji ndiye atakayeipinga. Nendeni kwa mkuu wa wilaya, kanisani au msikitini mkafunge ndoa. Sherehe si lazima.

Baba mwenye watoto nje awaandike, kwa majina. Najua ni jambo la aibu na najua nyumbani patawaka moto siku hiyo. Lakini watoto hao watakuja msibani, watakuja na mama zao, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Moto wa leo unauzima wewe mwenyewe; wa siku ya kuanua matanga hauna wa kuuzima.

Miti na parachichi

Wakili wa Dar es Salaam anaweza kukuandikia wosia mzuri sana wa nyumba na akaunti, akasahau kwamba utajiri wako uko kwenye kitu kinachokua. Mwelezee.

La kwanza, ardhi na miti si lazima viwe na mwenye mmoja. Huku ni kawaida mtu wa mjini kupanda miti kwenye ardhi ya mwanakijiji kwa makubaliano ya kugawana mavuno, au kukodi eneo kwa mzunguko mmoja wa miti. Kama makubaliano hayo ni ya mdomo, yaandikwe sasa, na yaseme nini kitatokea mmoja wenu akifa kabla ya mavuno. Mjane wa mpandaji asipokuwa na karatasi, siku ya kuvuna ataambiwa miti ni ya mwenye shamba, na majirani watakumbuka kila mmoja anavyotaka.

La pili, umri wa miti. Misindano ya miaka minane ni fedha kidogo. Ikiachwa miaka mingine kadhaa ni mbao. Baba akifa, warithi wenye njaa huuza miti michanga ikiwa imesimama, na mnunuzi ndiye anayekula faida ya miaka iliyobaki. Unaweza kuandika kwenye wosia kwamba miti ya shamba fulani isivunwe kabla ya mwaka fulani, isipokuwa kwa ada ya shule au matibabu, na kwamba mauzo yafanywe kwa pamoja. Tuseme una ekari kumi na watoto watatu. Kuwakatia vipande sasa, mmoja akapata bondeni penye miti minene na mwingine mlimani penye miwati iliyodumaa, ni kuwapandia ugomvi. Ningeandika hivi: mavuno ya kwanza yauzwe kwa pamoja na fedha zigawanywe sawa, baada ya mavuno ndipo ardhi ipimwe na kugawanywa kwa mipaka. Ardhi tupu ni rahisi kuigawa kuliko msitu.

La tatu ni moto. Kati ya mazishi na kuteuliwa msimamizi kunaweza kupita miezi, na kama miezi hiyo ni Agosti hadi Oktoba, hakuna mwenye mamlaka ya kuuza chochote na hakuna anayejiona na wajibu wa kufyeka barabara ya moto. Shamba la miaka kumi linateketea mchana mmoja wakati ukoo unajadili nani awe msimamizi. Taja mtu wa kulitunza shamba tangu siku ya kwanza, na uache fedha kidogo ya kazi hiyo mikononi mwa mwenzi wako, kwenye akaunti yake mwenyewe.

Parachichi lina shida ya namna yake. Halidai subira kama mti wa mbao, linaiva kila msimu, na mnunuzi hulipa kwenye akaunti ya aliyesaini mkataba au aliyesajiliwa kwenye ushirika. Akaunti ya marehemu ikifungwa, mavuno ya msimu huo yanakuwa deni lisilolipika. Muandikishe mwenzi wako, au mtoto mkubwa anayelima kweli, awe mwanachama kwa haki yake na asaini mkataba pamoja nawe. Hilo halihitaji wosia wala hakimu.

Na kama umeshampa mwanao kipande alipooa, kama wazee wanavyofanya, iandike zawadi hiyo mbele ya mtendaji na mashahidi, kisha uitaje kwenye wosia kwamba eneo fulani nilishampa fulani, si sehemu ya mirathi. Ila usigawe yote ukiwa hai. Baki na nyumba na shamba linalokulisha. Mzee asiye na kitu hutunzwa kwa huruma, na huruma ina misimu yake.

Wosia wenyewe

Ukifika hapa kazi kubwa imekwisha. Wosia wa maandishi chini ya kanuni za mila unahitaji uandikwe kwa wino usiofutika au kwa mashine, uwe na tarehe, useme una akili timamu na hukulazimishwa, na utiwe sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Mashahidi wawe wanajua kusoma na kuandika: angalau wawili kwa anayejua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, wanne kwa asiyejua kusoma, wawili kwa wawili. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wanne, lakini mimi sishauri mtu mwenye hata robo ekari autegemee. Na ule wa maandishi haufutwi kwa maneno ya kitandani. Unafutwa kwa maandishi mengine. Chini ya sheria ya kiserikali mashahidi ni wawili, na zawadi kwa shahidi inapotea, kwa hiyo usimweke mrithi kuwa shahidi. Halafu, ukioa au kuolewa baada ya kuandika, wosia huo unakufa.

Kumnyima mrithi kabisa ni jambo la kufikiri. Mila zinataka sababu: alizini na mke wako, alikushambulia au kutaka kukuua, alikutelekeza katika ugonjwa au njaa bila sababu, aliharibu mali yako. Zinataka pia uitaje sababu na umpe nafasi ya kujitetea. "Hanipigii simu tangu ahamie Kariakoo" haitoshi. Mpe kidogo.

Mtaje msimamizi, na wa akiba. Asiwe lazima mwana wa kwanza wala baba mdogo mwenye sauti. Awe mtu anayejua kuandika hesabu. Waambie watoto wote, akiwa anasikia, kwamba msimamizi hapewi mali; anakusanya, analipa madeni, anagawa na kuirudishia mahakama hesabu.

Wenye watoto wadogo watenganishe vyeo viwili: mlezi wa mtoto na mtunza fedha za mtoto. Njombe ina sababu ya kulichukulia hili kwa uzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani hapa ni asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea, juu kuliko mkoa mwingine wowote, na bibi wengi wamelea wajukuu kwa fedha ambazo zilikuwa kwa mjomba. Bibi anayelea anajua bei ya sare. Mjomba anayeshika fedha anapaswa kumwonyesha risiti.

Kumpata wakili na kumtumia vizuri

Si kila aliye na muhuri ni wakili. Vishoka wapo, wanakaa karibu na mahakama na wanaandika haraka. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili kwenye intaneti ambako unaingiza jina na kuona kama mtu huyo yuko kwenye orodha na ana kibali cha kufanya kazi mwaka huu. Mwombe kijana wa nyumbani aangalie kwenye simu kabla hujatoa hata nauli.

Nenda na daftari lako, nakala za karatasi, vyeti vya ndoa na kuzaliwa. Ukienda mikono mitupu utalipia saa za wakili kukuuliza maswali ambayo ungejibu nyumbani. Kubalianeni bei moja kwa kazi yote, iandikwe, ukipewa risiti. Muulize sheria ipi itatumika kwangu na kwa nini. Hati zangu zikae jina la nani. Mahakama gani itasikiliza. Na kitu gani kwenye mpango huu kinaweza kupingwa. Wakili anayejibu hilo la mwisho kwa "hakuna" mkimbie. Usimtumie wakili aliyeletwa na kulipiwa na mtoto mmoja, hata kama mtoto huyo ndiye mwema kuliko wote; hiyo ndiyo itakuwa hoja ya kwanza ya wenzake.

Kama fedha haipo, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hushauri bila malipo, ingawa hawasimami mahakamani kama wakili. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo sisitiza wosia uandikwe kwa lugha unayoisoma mwenyewe, usomewe, uulize, ndipo usaini.

Watakaobaki wajue haya machache. Cheti cha kifo kichukuliwe mapema. Muhtasari wa kikao cha familia uandikwe vizuri, majina yote na sahihi zote, maana mahakama huuomba. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali; katika mahakama za juu ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Kwa mirathi ya kiserikali, ombi likipelekwa baada ya miaka mitatu tangu kifo, lazima mueleze kilichowachelewesha. Na mwenye NSSF au PSSSF asidhani wosia unaongoza mafao. Mifuko ina taratibu zake za wategemezi, hivyo kahuishe majina ya mke na watoto huko huko.

Nakala halisi ya wosia isikae kabatini peke yake. Moja ibaki kwa wakili au RITA, na msimamizi ajue ilipo hata kama hajui kilichomo. Daftari ulifungue kila mwaka, labda baada ya mavuno ya viazi. Ukiuza lile shamba la misindano, kifungu kinacholitaja hakina tena cha kugawa, na mtoto uliyemwandikia atabaki ameshika hewa wakati wenzake wana nyumba. Chukua karatasi ya mauzo, rudi kwa wakili wiki hiyohiyo, muandike upya.